Kipya Kinyemi: Tarakilishi ya Nyumbani na Suala la Mihimili ya Programu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Kauli hii hujidhihirisha katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira ambamo tarakilishi imekuwa chombo cha jamaa nzima. Ichukuliwe nyumba moja pale Keroka, mji ambao kaunti hizi mbili zinakutana. Mama ni mwalimu, naye huandalia maazimio ya kazi katika tarakilishi hiyo. Kitinda mimba huchezea michezo ya mbio za magari. Binti aliye chuoni huandikia tasnifu yake ya Kiswahili humo humo. Siku diski inapoanza kujaa na mashine kukokota, mmoja wao hufungua orodha ya programu ili apunguze mzigo. Hapo hukuta mistari kumi na zaidi inayofanana: .NET ya namba hii na ile, Visual C++ ya 2008, ya 2010, ya 2013, Java ya aina mbili au tatu. Majina ni yale yale, namba ndizo tofauti. Mkono huwasha. Kwa nini kuhifadhi cha 2008 ilhali cha 2022 kipo?

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo limeulizwa vibaya, na kwamba jibu linalolifuata huwagharimu wanafunzi wengi kazi, fedha na muda. Namba kubwa si hukumu ya kifo kwa namba ndogo. Vilevile, kuhodhi kila toleo lililowahi kutolewa si busara. Kinachofaa kuulizwa ni kimoja: katika tarakilishi hii, ni programu gani inayosimama juu ya kitu hiki? Aidha, makala yanashikilia kwamba wapenzi wa Kiswahili wana deni katika jambo hili, kwa kuwa maelezo yake hayajawafikia wananchi kwa lugha wanayoielewa.

Kwanza, jina. Baadhi ya watu huita vitu hivi programu tegemezi. Mwanafunzi wa sintaksia hawezi kukubali istilahi hiyo. Kishazi tegemezi ni kile kisichoweza kujisimamia. Hutegemea kishazi huru ili maana yake ikamilike. Katika tarakilishi, kinachotegemea ni mchezo wa mtoto au programu ya kutafsiri ya binti. Java na .NET hutegemewa. Kuviita tegemezi ni kugeuza uhusiano juu chini, na pengine ndiyo sababu watu huvifuta bila huruma, kwani tegemezi huonekana kuwa mzigo. Afadhali viitwe mihimili. Mhimili hauonekani kwa mgeni anayeingia sebuleni, wala hakuna anayeusifu, lakini ukiondolewa paa huanguka. Mtunzi wa programu hakuandika kila kitu mwenyewe. Aliacha kazi nyingi za msingi zifanywe na mhimili, akitarajia kuukuta katika mashine ya mtumiaji. Asipoukuta, programu yake haifunguki.

Sasa lije suala la matoleo. Msomaji wa Kiswahili anayo tayari mantiki ya kulielewa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili likatoka mwaka 2004. Anayetafuta tu maana ya neno atafaidika zaidi na toleo jipya. Lakini anayechunguza tasnifu iliyonukuu ukurasa fulani wa toleo la 1981 hawezi kusaidiwa na la 2004, maana kurasa zimehama. Kwake, toleo la zamani ndilo linalotakiwa. Upo pia uchapishaji wa namna nyingine, pale kitabu kinapopigwa chapa tena baada ya kusahihishwa makosa madogo, kurasa zikabaki zilivyo. Chapa hiyo mpya huichukulia ya zamani nafasi yake kabisa. Matoleo ya mihimili nayo yamegawanyika hivyo hivyo: yapo yanayorithi nafasi ya yale yaliyotangulia, na yapo yanayokaa kando yao bila kuyarithi. Kosa kubwa la watumiaji ni kudhani kuwa yote ni ya aina moja.

Mfano bora ni .NET Framework ya kampuni ya Microsoft, iliyoanza mwaka 2002. Toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2007, linabeba ndani yake matoleo ya 2.0 na 3.0. Kisha mwaka 2010 likaja toleo la 4, ambalo halikulirithi la 3.5 bali lilikaa kando yake. Kuanzia hapo kila toleo la ukoo wa 4 humrithi mwenzake: 4.8 la mwaka 2019 lilichukua nafasi ya yote ya ukoo huo yaliyolitangulia, na 4.8.1 la mwaka 2022 likafuata. Matokeo yake ni mepesi kuliko orodha inavyotisha. Tarakilishi ya nyumbani haihitaji zaidi ya .NET Framework mbili: moja ya ukoo wa 4, ambayo Windows 10 na Windows 11 huja nayo, na 3.5 ikiwa tu ipo programu ya zamani inayoidai. Asiye na programu hiyo hana haja ya kuiwasha.

Mambo yaligeuka tena mwaka 2020 ilipotolewa .NET 5, ambayo ilidondosha neno Framework katika jina lake na kuendeleza mkondo mwingine ulioanza mwaka 2016. Katika mkondo huu kila toleo kuu hukaa peke yake. Programu iliyotungwa kwa .NET 6 kwa kawaida huitafuta .NET 6, wala hairidhiki na .NET 8 hata kama ipo. Hapa namba kubwa haimfai mwenye haja ya namba ndogo. Lakini hapa pia pana hatari, kwa sababu matoleo haya huishi muda mfupi: huduma ya .NET 6 ilikoma tarehe 12 Novemba 2024, na tangu siku hiyo haiokolewi tena na masasisho ya usalama. Anayeihitaji kwa sababu ya programu moja hana budi kwanza kuitafuta programu yenyewe katika toleo lililosasishwa.

Visual C++ Redistributable ndiyo hujaza orodha kuliko mihimili mingine yote. Matoleo ya 2005, 2008, 2010, 2012 na 2013 hayarithiani. Kila moja hudaiwa na programu zilizotungwa kwa zana za mwaka huo. Kuanzia 2015 utaratibu ulibadilika, hata mhimili mmoja wa karibuni ukawa unahudumia programu zilizotungwa kwa zana za 2015, 2017, 2019 na 2022. Isitoshe, kila toleo huja kwa sura mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Wengi hudhani kwamba tarakilishi ya biti 64 haina haja na ile ya biti 32, wakaifuta. Ukweli ni kwamba mhimili hufuata sura ya programu, wala si sura ya mashine. Programu ya biti 32 inayoendeshwa katika Windows ya biti 64 bado hudai mhimili wa biti 32. Ndiyo maana mistari miwili inayoonekana kuwa pacha katika orodha mara nyingi inastahili kubaki yote miwili.

Hapa mwanafunzi wa mofolojia anaweza kumshinda fundi. Programu inapokosa mhimili wake, skrini hutoa ujumbe unaotaja faili iliyokosekana, nalo jina la faili hiyo huchanganulika kama neno lolote lenye viambishi. Katika MSVCR100.dll, herufi za mwanzo hutambulisha ukoo, na namba hutambulisha toleo. Namba 80 ni ya toleo la 2005, 90 ni ya 2008, 100 ni ya 2010, 110 ni ya 2012, 120 ni ya 2013, na 140 ni ya 2015 na yaliyofuata. Anayekuta jina MSVCP140.dll anajua papo hapo kwamba anahitaji mhimili wa karibuni, na anayekuta MSVCR90.dll anajua kuwa ule wa 2008 umetoweka. Asiyejua uchanganuzi huu hukimbilia tovuti zisizojulikana zinazotoa faili moja moja za namna hiyo, akapakua virusi badala ya dawa. Mhimili hupakuliwa mzima, tena kutoka kwa aliyeutunga.

Java ina historia yake, na ndiyo inayowagusa zaidi wanafunzi wa lugha. Iliasisiwa na kampuni ya Sun Microsystems, ikatangazwa mwaka 1995, na mwaka 2010 ikaingia mikononi mwa Oracle. Kwa miaka mingi Java ilihitajika hata katika vivinjari vya mtandao. Siku hizo zimepita. Chrome iliacha kuipokea mwaka 2015 na Firefox mwaka 2017. Hata kabla ya hapo, Januari 2013, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa tarakilishi ilikuwa imewashauri watumiaji waizime Java katika vivinjari vyao kwa sababu ya udhaifu uliogunduliwa. Kwa hivyo, mtu anayehifadhi Java nzee kwa kuwa aliwahi kuambiwa kuwa mtandao hauendi bila hiyo anahifadhi mlango ulio wazi.

Je, nani anayeihitaji leo? Anayeandika insha au tasnifu kwa LibreOffice hahitaji Java. Huihitaji akitumia sehemu ya hifadhidata na vipengele vichache vingine, na hapo Java iwe ya biti sawa na LibreOffice yenyewe. Mwanafunzi wa tafsiri anayetumia OmegaT ndiye anayeihitaji hasa, kwa kuwa programu hiyo imetungwa kwa Java. Hata hivyo, OmegaT hutolewa pia ikiwa na Java yake ndani, kama kishazi huru kinachojitosheleza, na atakayechagua kifurushi hicho hana haja ya kuhangaika na toleo lililomo katika mashine. Ugumu humpata mwenye programu za zamani. Java 8, ya mwaka 2014, ilikuwa na vipengele ambavyo Java 11 ya mwaka 2018 iliviondoa. Programu iliyovitegemea haiendi katika Java 11, hata iwe 11 ni kubwa kuliko 8. Huyo ana sababu halali ya kuhifadhi Java 8, mradi aisasishe, na matoleo madogo ya 8 yaliyopitwa ayaondoe, kwa sababu hayo hurithiana.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika nyanda za Kisii na Nyamira. Mwanafunzi wa Kebirigo au Ogembo mara nyingi hupakua kwa bando la simu, naye hulinunua kwa fedha iliyokusudiwa nauli au chakula. Kisakinishi kamili cha .NET 4.8 kinazidi megabaiti 100. Kukipakua ili kuwekwa katika Windows 10 ambayo tayari inacho ni kumwaga maziwa mtoni. Vivyo hivyo, anayehitaji .NET 3.5 katika Windows 10 anaweza kuiwasha kutoka katika diski ya kusakinishia Windows ya toleo lile lile, bila kutumia bando. Tena hizi ni nyanda za mvua nyingi na radi. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, mhimili huweza kubaki nusu, ukaonekana katika orodha na usifanye kazi. Dawa ya hali hiyo ni kuurekebisha mhimili huo huo kwa kisakinishi chake. Baadhi ya mafundi, kwa kutojua au kwa kutaka malipo, hufuta kila kitu na kuweka Windows upya, na pamoja na mhimili mbovu hufutwa pia sura tatu za tasnifu ambazo hazikuwa na nakala.

Kuna pia suala la mashine zenyewe. Tarakilishi nyingi zilizomo majumbani ni za mtumba, na baadhi zingali na Windows 7, ambayo huduma yake ilikoma Januari 2020. Mwenye mashine ya aina hiyo hana uhuru wa kuchagua mhimili wowote. .NET Framework ya mwisho kuipokea Windows 7 ni 4.8, na .NET 8 haikuahidi kuihudumia hata kidogo. Windows 10 nayo ilifikia kikomo cha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo swali la mhimili haliwezi kutenganishwa na swali la msingi unaoubeba. Anayelazimisha mhimili wa leo juu ya msingi wa jana atapoteza bando lake bure.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba usalama unadai kila cha kale kifutwe. Hoja hii ina nguvu, na makala haya hayaipuuzi. Lakini umri na uchakavu si kitu kimoja. .NET Framework 3.5 ni ya mwaka 2007, na bado Microsoft imeahidi kuihudumia hadi Januari 2029; .NET 7 ni ya mwaka 2022, na huduma yake ilikoma Mei 2024. Mdogo amezikwa, mkubwa yu hai. Kinachopaswa kutazamwa ni tarehe ya kukoma kwa huduma, si tarehe ya kuzaliwa. Wengine watasema kwamba programu huleta mihimili yao zenyewe, basi mtumiaji ana haja gani ya kujisumbua? Ni kweli kwamba visakinishi vingi hufanya hivyo, na ndivyo orodha inavyorefuka. Hata hivyo, visakinishi huleta lakini kwa kawaida haviondoi. Mchezo ukifutwa, mhimili wake hubaki. Kuamua ni wajibu wa mwenye nyumba.

Mkulima wa Nyamira anaijua hekima hii bila tarakilishi. Katika shina moja la migomba husimama mgomba mkubwa na machipukizi yake. Mkulima hakati mgomba mkubwa kwa sababu tu una umri mkubwa. Huinua macho kwanza aone kama mkungu ungali unaning'inia. Ukiwa bado, mgomba hubaki na hata huegemezewa nguzo. Mkungu ukishavunwa, mgomba hukatwa bila majuto ili machipukizi yapate nafasi. Mwenye tarakilishi naye na afanye vivyo hivyo. Aorodheshe kwanza programu anazozitumia kwa hakika. Ahifadhi nakala ya kazi zake mahali pengine. Asome katika maelezo ya kila programu ni mhimili gani inaudai, na wa biti ngapi. Ule wenye mkungu ubaki na usasishwe. Ule usio na mkungu, tena ambao huduma yake imekoma, uondolewe, mmoja mmoja, na programu zijaribiwe kila baada ya kuondoa. Ule usiojulikana kazi yake, lakini ungali unahudumiwa, na uachwe. Nafasi unayoichukua katika diski kwa kawaida ni ndogo mno kuliko hasara ya kuukosa.

Linabaki deni la Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mnamo Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, kifurushi cha programu za ofisi kilichozungumza Kiswahili, ikathibitika kwamba lugha hii haishindwi na tarakilishi. Lakini wataalamu wengi walitumia miaka iliyofuata kubishana kama chombo kiitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi, na mashine yenyewe ikaendelea kumwambia mama wa Keroka kwa Kiingereza kwamba MSVCR100.dll haionekani. Jina la chombo si kitu kidogo, ila halikumsaidia mama huyo. Alichohitaji ni sentensi tatu za Kiswahili sanifu: nini kimekosekana, nani anakidai, na kinapatikana wapi bila hatari.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza hapo. Vyuo vya Kisii na Nyamira vina wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi ya tarakilishi wanaopita katika lango moja bila kusalimiana kitaaluma. Wakiketi pamoja, wanaweza kuandaa karatasi moja ya maelezo kuhusu mihimili ya kawaida, matoleo yake, yanayorithiana na yasiyorithiana, na ikabandikwa katika saiba, shuleni na katika maduka ya mafundi. Istilahi zitakazotumika, iwe ni mhimili au neno jingine litakaloshinda, zitajaribiwa na watu wenye shida halisi, na huo ndio mtihani wa kweli wa istilahi. Hadi hapo, mwanafunzi anayekodolea macho orodha ile ndefu na aondoe mkono wake kwanza, ainue macho autazame mkungu. Wahenga waliosema kipya kinyemi ndio hao hao waliosema usiache mbachao kwa msala upitao.